Baba Yangu Anajua Kusoma

Dar es Salaam,
4 Februari 1994

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani na mgongo umeacha kukusumbua. Mama je, kikohozi? Mwambie shikamoo yake iko kwenye mstari huu huu, asinune. Mimi mzima, ila joto la huku linanianika kama dagaa wa Nyasa.

Baba, Wizara wamejibu. Barua nzima ni mstari mmoja na muhuri: mwaka huu hakuna fungu la shahada ya pili. Mwaka jana walisema hivyo hivyo. Wewe ulitulea ukituambia serikali inasomesha kila anayefaulu. Serikali hiyo imeondoka, limebaki jengo. Kile chuo cha Uholanzi kimeshanikubali nikamchunguze dumuzi, mdudu huyu huyu aliyetafuna mahindi yetu ghalani mpaka yakawa unga kabla ya kufika mashineni. Nafasi ninayo, wa kulipa ada sina.

Sasa sikiliza. Kwenye ubao wa matangazo nimeona mfuko mmoja wa wafadhili. Wanasomesha wanawake wa sayansi kutoka mikoa ya pembezoni, ile yenye wasomi wachache. Ruvuma imo. Mwanamke ndimi, sayansi ninayo, Songea ndiko nilikozaliwa. Wakininyima mimi watampa nani?

Wanataka barua ya kata ya kuthibitisha kwetu, na barua ya mwalimu aliyenifundisha sekondari. Nakuomba uende kwa Mwalimu Edmund, yule wa Kiingereza, nasikia baada ya kustaafu amejenga Bombambili. Aandike mwenyewe, afunge bahasha mwenyewe, asaini juu ya gundi. Baba, bahasha hiyo isifunguliwe na mtu yeyote. Ikifunguliwa haina kazi tena. Mpe Leo, kondakta wa basi, ananifahamu. Mwisho ni tarehe 31 Machi.

Mwanao,
Fausta


Msamala, Songea,
13 Februari 1994

Mwanangu Fausta,

Marahaba. Milele amina. Sisi wazima, mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni na palizi ya pili inanitazama. Mama yako anakohoa asubuhi tu, mchana anagomba kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Hilo neno pembezoni limenikaa kooni. Pembezoni mwa nini? Nikisimama hapa Msamala, ni Dar es Salaam iliyo pembezoni, tena imebakiza kidogo idondokee baharini. Babu zetu walimkatalia Mjerumani mpaka akawatundika, leo wajukuu wanajaza fomu kwamba wako nyuma! Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Kama mkoa hauna wasomi, basi nilikuwa nafundisha mbuzi.

Lakini wewe ukiamua jambo hurudi nyuma, hilo ulilirithi kwa mama yako, mimi ni mtu mpole. Barua ya kata nimeshaipata. Jumapili baada ya misa nitaenda kwa Edmund.

Baba yako,
Marcelino


Msamala, Songea,
5 Machi 1994

Mwanangu Fausta,

Salamu za nyumbani. Tu wazima wa mwili. Hii barua nimeianza mara nne, naona leo niiseme ilivyo. Bahasha ya Edmund nimeifungua.

Usitupe karatasi, soma kwanza. Nyumba hii, tangu enzi za baba yangu, barua haisomwi na mtu mmoja. Inaingia, watu wanaitwa, inasomwa kwa sauti, ndipo inakuwa barua. Iliyofungwa kwa gundi na sahihi juu, sisi tunaijua moja tu: ya mahakama. Kwa hiyo Edmund aliponikabidhi Jumamosi, nilifika nayo nyumbani nikakuta baba yako mdogo Polikarp ameshakaa, shangazi yako Judica ameshakaa, mama yako amejifunga kanga mpya. Watu wamekaa kusikia mtoto wao anavyosifiwa, mimi niwaambie nini? Nikasema nitaifungua kwa mvuke wa birika, nitaifunga tena. Nilikosa.

Nikaanza kusoma Kiingereza na kuwatafsiria. Mwanzo ulikuwa mzuri, watu wakapiga vigelegele. Halafu nikakunja karatasi. Mama yako akauliza, "Mbona umekata?" Nikawatafsiria: Edmund ameandika kwamba baba wa binti huyu ni mlevi asiyejua kusoma wala kuandika. Kwamba mama yake alimlea kwa kuuza pombe, na kwamba wewe ulikuwa ukianguka darasani kwa njaa. Fausta, ulianguka lini kwa njaa? Mlo ulikuwa mmoja siku nyingine, lakini ulikuwepo. Na aliyekufundisha kusoma ni nani, kabla hujavaa sare? Mama yako alisimama akaingia ndani.

Nikaenda Bombambili kwa miguu. Edmund hakuona haya hata kidogo. Akaniambia, "Marcelino, wafadhili hawampi aliyeshiba. Nimekulilia wewe ili mtoto apate." Nikamwambia alie msiba wa kwao. Nikamtaka aandike nyingine ya kweli, akakataa, eti ya kweli haina mvuto. Nikaichana barua mbele yake.

Ndiyo hali ilivyo. Jina langu sikupewa na Edmund, hawezi kulichukua.

Baba yako,
Marcelino


Dar es Salaam,
11 Machi 1994

Baba,

Shikamoo. Afya sitauliza, naona una nguvu za kutosha za kuchana karatasi.

Nilikuandikia bahasha isifunguliwe. Niliandika kwa Kiswahili, baba, si kwa Kiholanzi! Zimebaki siku ishirini. Ulipokuwa unamchania Edmund barua yake, ulikuwa unachana ada yangu, nauli yangu na miaka miwili niliyozunguka ofisi hizi mpaka walinzi wananisalimu kwa jina. Umetetea jina lako. Sawa. Na langu nani atalitetea nikirudi Songea na barua ya chuo ambacho sikusoma?

Nimeumia kwa aliyoyaandika, usifikiri sina moyo. Mama namwonea huruma. Lakini huo uongo ungesomwa na watu watatu wasiotujua, ukafungiwa kabatini Ulaya. Ungemuua nani? Ninyi wanaume mko tayari watoto wenu wakose, mradi heshima ilale salama.

Mwalimu mwingine aliyenifundisha ni Zuhra wa baiolojia, na yeye alihamishiwa Tunduru. Na Machi hii barabara ya Tunduru unaijua. Basi, nimekwisha.

Mwanao, lakini nina hasira,
Fausta


Msamala, Songea,
24 Machi 1994

Mwanangu Fausta,

Hasira zako nimezisoma mbele ya watu wote, sikuruka hata mstari. Niliposoma pale pa wanaume na heshima zao, shangazi yako Judica alipiga makofi.

Nimerudi jana kutoka Tunduru. Kwenda siku tatu, kurudi siku tatu, kwenye lori la Saleh anayefuata korosho. Tulikwama mara nne, nikasukuma kama vijana wengine, mgongo tutaongea nao baadaye. Mwalimu Zuhra hakuniuliza maswali. Alinikaribisha futari, maana alikuwa bado akilipa siku zake za Ramadhani, kisha akakaa mezani akaandika kurasa mbili. Akaniambia, "Mzee, huyu binti alikuwa akileta wadudu darasani kwenye kiberiti. Inshallah atafika." Akafunga, akasaini.

Hapa nyumbani walikuwa wamekaa tena. Nikaiweka bahasha mezani nikasema hii haisomwi. Waliitazama kama mgeni aliyekataa chakula, halafu wakaondoka mmoja mmoja. Sijui kilichoandikwa humo. Kondakta Leo anakuletea, na barua ya kata imo.

Kwamba nilikosa, nilikosa. Kwamba Edmund ni mwongo, ni mwongo vilevile. Yote mawili nayashika.

Baba yako,
Marcelino


Dar es Salaam,
9 Juni 1994

Mpendwa Baba,

Shikamoo sana. Mgongo unaendeleaje? Mama ale vizuri, Leo wa basi atamletea dawa ya kifua. Asante kwa Tunduru. Niliyoandika kwa hasira nayarudisha, yote isipokuwa la wanaume.

Fomu zilifika kwa wakati, nikaitwa kwenye usaili. Walikaa watatu. Barua ya Mwalimu Zuhra waliisifu. Dumuzi wakamsikiliza dakika tano tu, halafu mama aliyekaa katikati akaniuliza, kwa upole kabisa, niliwezaje kuyashinda malezi yangu. Nikamwuliza kuyashinda vipi? Akasema, mazingira ya nyumbani, ujinga, njaa. Nikamwambia, "Mama, malezi yangu sikuyashinda, ndiyo yaliyonileta hapa. Baba yangu ni mwalimu. Kama mnatafuta mtoto wa mlevi, mngeandika hivyo kwenye tangazo."

Pale penye meza ile nilijisikia mrefu. Jana jibu limekuja: wanashukuru, lakini nafasi imekwenda kwa mwenye uhitaji zaidi. Sisi tumeonekana tuna nafuu! Na pensheni yako ya miezi mitatu haijaja, na suruali yako ya misa ina kiraka. Nililia chooni, baba, nikanawa uso, nikarudi kazini maabara.

Kuna mfuko mwingine wa aina hiyo hiyo, mwisho wake ni Julai 31. Sijui kama nina miguu ya kuuendea.

Mwanao,
Fausta


Msamala, Songea,
27 Juni 1994

Mwanangu Fausta,

Marahaba. Mahindi tumevuna, wanunuzi wa serikali hawaji tena, na wa binafsi wanataja bei ya kutukana. Mama yako yuko shamba. Barua hii naiandika akiwa hayupo na sitaisoma kwa mtu. Ni ya kwanza.

Nilikutana na Edmund nje ya kanisa. Alitikisa kichwa tu, na mimi nikaelewa: ya kweli haina mvuto. Nimefikiri siku nyingi. Mimi nina miaka sitini na minne, jina langu limeshafanya kazi yake. Wewe una ishirini na saba na dumuzi anakula. Uliniuliza uongo ule ungemuua nani. Hakuna. Basi nimekuwekea humu karatasi, nayo inasema hivi:

"Mimi Marcelino Luambano wa Msamala, baba mzazi wa Fausta, nathibitisha kuwa sijui kusoma wala kuandika, na kwamba ulevi wangu uliiletea familia yangu njaa na mateso."

Nilimpelekea Daimu, mtendaji wa kata, aigonge muhuri. Unamkumbuka, nilimfundisha darasa la kwanza. Akaisoma, akaniangalia. Akasema, "Mwalimu, wewe uliyenishika mkono nikaandika a, leo nikugongee muhuri kuwa hujui kusoma? Tena umeandika mwenyewe!" Nikamwambia gonga. Akasema hapana. Nikamwambia, Daimu, gonga, ni kwa ajili ya mtoto. Akagonga akiwa ameangalia dirishani.

Mwandiko nilijaribu kuuharibu, mkono ukakataa. Wakiuliza, sema niliandikiwa na mtu. Itumie, mama, wala usinifikirie.

Baba yako,
Marcelino


Dar es Salaam,
8 Julai 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuagiza uwaite wote, mama awepo, barua hii isomwe kwa sauti kubwa.

Karatasi yako nakurudishia. Utaona nimeisahihisha kwa wino mwekundu, kama ulivyokuwa ukisahihisha madaftari yetu. Penye sijui kusoma nimeweka kosa. Penye ulevi nimeweka kosa, maana wewe chupa moja ya Krismasi unaigawana na Polikarp na bado unaimba vibaya. Penye njaa na mateso nimeweka kosa kubwa na kuandika pembeni, "Muulize mama." Mwandiko ni mzuri, nimekupa alama za mwandiko. Jumla umepata sifuri. Chini nimeandika: Rudia, na uje na mzazi.

Nililia sana nilipoisoma, nasema ukweli. Nilikaa nayo siku mbili. Halafu miguu ikarudi.

Fomu ya mfuko wa pili nimeijaza na kuituma jana kwa rejista ya posta. Palipoulizwa kazi ya baba, nimeandika: mwalimu. Palipoulizwa nani alinifundisha kusoma, wameacha mstari mfupi, nikaandika jina lako lote likatoka nje ya mstari. Palipoulizwa kikwazo kikubwa kilichonizuia kusoma, wameacha ukurasa mzima. Nimeandika neno moja, ada, na ukurasa uliobaki nimewachorea dumuzi.

Wakikataa, nitajaza ya tatu hivyo hivyo.

Binti wa mwalimu,
Fausta Marcelino Luambano