Mguu wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekuta kidonda chini ya sugu ya shangazi, kisiginoni. Sugu hiyo hiyo ninayomkata kila mwezi! Soksi imelowa. Yeye anacheka — eti hakiumi, nikate tu, mkono wangu mwepesi. Miaka sita nasafisha miguu saluni, leo wembe umenishinda. Shangazi ana sukari. Hapana, huyu anataka mtu aliyesomea.

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu wa miguu wa kwanza: koti jeupe, cheti kikubwa ukutani, fremu ya dhahabu. Eti ataichoma sugu kwa dawa, siku moja tu, kwisha. Hakuuliza kama ana sukari. Hata soksi hakumvua! Nikaomba namba yake ya usajili. Akawaka — kwani mimi polisi? Shangazi akanifinya, eti namwaibisha mtoto wa watu. Kuuliza si ujinga. Tumeondoka na mguu wetu.

Jumatano, 5 Machi
Wa pili yuko kliniki, ghorofa ya kwanza. Namba imebandikwa mlangoni. Nilipomuuliza alifurahi! Akasema nisimwamini yeye, nipigie baraza linalowasajili. Nikapiga pale pale kwenye korido. Mama mmoja akanisomea jina lake, chuo, mwaka aliomaliza, leseni inaisha lini. Kumbe miguu ina baraza zima! Basi, huyu huyu. Kesho saa tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Niko kwenye benchi, nje ya chumba chake.
Sijawahi kuona mguu ukiheshimiwa hivi. Alipapasa mfupa mmoja mmoja — ishirini na sita kila mguu! Akavigeuza viatu, akatia mkono ndani. Akaweka kichombo kidogo kwenye kifundo cha mguu, tukaisikia damu ikipita, fuu, fuu.
Kisha uzi mmoja wa nailoni. Akamwambia shangazi afumbe macho, aseme akisikia ameguswa. Akagusa dole gumba. Akagusa wayo. Uzi unapinda kabisa. Sehemu kumi. Shangazi kimya.
"Haya baba, mbona huanzi?"
Alikuwa ameshamaliza!
Kumbe mguu umekufa ganzi; ndiyo maana hakulia hata siku moja nikimkata. Nami nikajiona fundi. Natamani ardhi ipasuke.
Mtaalamu akauliza nani humkata sugu. Shangazi akanionyesha kwa kidole, kwa fahari — huyu hapa, hana mfano! Nikangoja kugombezwa. Akanivutia kiti tu, akasema nikae karibu nione anavyosafisha kidonda. Nimeona. Mungu wangu, yule mtu anajua!
Sasa tunangoja picha ya mfupa. Kama usaha haujafika huko, mguu unabaki. Ndani namsikia shangazi akimsifia nesi habari zangu.
Meseji imeingia. Yule mzee mteja wangu wa Ijumaa: sugu imerudi, kesho nina nafasi? Naye ana sukari. Naye huwa anasinzia nikimkata.
Nimemjibu aje hapa, asingoje kesho. Anauliza kwani kuna nini.
Nesi ametoka na bahasha ya picha. Ananiita.