Picha ya Nikahi Imeonyesha Mkono wa Kushoto

Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mtwara nikiomba unisaidie mawazo, maana yangu yamefika mwisho na kazi ya bandarini hainiachii nguvu ya kufikiri sana. Mimi ni mchukuzi, Muha wa Kasulu, shule niliachia darasa la tano, nimekaa huku tangu ujana na mke wangu yuko nyumbani na watoto. Zamani nilinunua kamera ya Zenit kwa baharia mmoja, nikawa siku za mapumziko napiga picha, mwanzo za kujifurahisha, baadaye watu wakawa wananiita kwenye sherehe zao, na filamu zote nilizopigia, yaani negativu, nimezitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu, kwa sababu hewa ya chumvi ya huku inakula kila kitu.

Sasa kuna mama anaitwa Rukia, mjane, anakaa kijiji kimoja karibu na Naliendele, na mwaka tisini nilipiga picha siku alipoolewa na marehemu Hashimu. Picha aliyokuwa nayo ililiwa na mchwa. Mwaka huu binti yake Mariamu amepata mchumba, na wazee wa mchumba walipotuma habari kwamba watakuja kuposa, Rukia akaniambia, "Baba Faraja, nitafutie ile picha ya nikahi, nataka wageni wakiingia wamwone baba yake Mariamu ukutani." Nikaipata negativu, nikaipeleka mjini kwa Frank mwenye studio, ambaye amenunua skana ya kuingiza negativu kwenye kompyuta, maana siku hizi ni shida kumpata wa kusafisha picha zile za zamani. Akaikuza, nikaitia fremu ya kioo, ikapendeza, Rukia akalia, nikaondoka nimefurahi.

Wageni wakaja. Wako mkekani wanakula, mdogo wa marehemu anayeitwa Omari akasimama mbele ya ile picha, akasema, "Hebu njooni muone. Kaka kampa mkwewe mkono wa kushoto." Na kweli. Ile ni dakika ya kufunga nikahi, bwana harusi na baba wa bibi harusi wameshikana mikono mbele ya shehe, na wote wawili wametoa kushoto. Mimi sikuwa nimeona, niliangalia nyuso tu. Mzee mmoja wa upande wa mchumba akauliza kwa upole, ndoa iliyofungwa kwa mkono huo ni ndoa gani, Omari akacheka, akasema labda ndiyo maana kaka hakudumu. Wageni wakamaliza kula wakaaga, habari ya posa wakasema wataizungumza siku nyingine, na mpaka leo hawajarudi. Bombani wenzake wanamwita Mariamu mtoto wa kushoto.

Nilirudi kwa Frank, akaiangalia, akakiri kwamba negativu aliilaza kwenye skana upande usio wake, ndiyo maana kulia kumekuwa kushoto. Akabonyeza kitu kimoja tu kwenye kompyuta, akatoa nyingine ya mkono wa kulia. Nikampelekea Omari mbio nikidhani yamekwisha. Akazishika zote mbili akasema, "Juzi kushoto, leo kulia. Kesho kompyuta yenu itamwotesha kaka mabawa." Ikawa nimeharibu zaidi, na sasa wanasema Mkristo wa bara kachezea ndoa ya Waislamu.

Mwenzangu wa kazini Lukasi, Mmakonde wa Newala, ananiambia, "Muha, hiyo ngoma si ya kwenu. Chukua likizo ukamwone mkeo, ukirudi wamesahau." Rukia nilikutana naye sokoni, akasema tu, "Baba Faraja, acha," akapita.

Mshauri, niache kweli, nichome negativu na kamera niiuze, au niende tena kujieleza, na nikienda niende na nini watakachokiamini?

Elia, Ufukoni, Mtwara

JIBU

Elia,

Pole. Ulitaka kumfurahisha mjane, na kosa la skana si lako. Kosa lako ni kumkimbilia Omari peke yake na karatasi ya pili iliyotoka kwenye mashine ileile. Ulitegemea aseme nini? Aliyepinda neno mbele za watu halinyooshi faraghani.

Negativu usichome. Ndicho kitu pekee katika shauri hili ambacho kompyuta haijakigusa. Itazame kwenye mwanga wa jua: pembezoni utaona herufi na namba ndogo za kiwandani. Zikisomeka kama zisomekavyo kitabuni, picha iko upande wake, na mikono inaonekana ilivyokuwa siku ile. Zikisomeka kinyume, umeigeuza. Hilo mzee yeyote anayejua kusoma ataliona kwa macho yake.

Lakini usiitwike negativu mzigo usio wake. Kabla ya kukujibu nilimuuliza shehe mmoja ninayemheshimu. Ameniambia nikahi husimama kwa walii, mashahidi, mahari na maneno ya kuoza na kukubali. Kushikana mikono ni desturi nzuri, basi. Kwa hiyo hata kama wangeshikana kushoto, Mariamu ni mtoto wa ndoa. Na mashahidi wa siku ile, wote wamekufa? Mnabishania karatasi wakati kijijini kuna watu walioila pilau yenyewe. Rukia hakosi kaka, ambaye kwa Mariamu ni mjomba. Kwa watu wa huko mjomba ana sauti katika ndoa ya mpwa wake. Huyo ndiye wa kwenda kwa wazee wa mchumba, mchana, pamoja na shahidi aliye hai. Wewe kaa nyuma yao na negativu yako, na Frank akae kando yako, maana yeye ndiye aliyeilaza vibaya. Mkiulizwa, aseme hivyo kwa sentensi moja. Msiape.

Likizo ni haki yako na mkeo anakungoja, ila usiende sasa. Ukiondoka leo watasema umekimbia, na atakayebaki kujibu ni binti wa watu.

Sasa nisikilize. Barua yako ni ndefu. Nimejua alichosema Omari, alichosema Frank, alichosema Lukasi, hata alichouliza mzee wa upande wa mchumba. Rukia, mwenye ndoa, ulimsikia akikuambia "acha", na hukumuuliza uache nini. Huenda alitaka uache kumfuata Omari. Huenda amekwisha kuona kwamba ukoo unaoacha posa kwa sababu ya mkono wa pichani ni afadhali uondoke mapema, kabla Mariamu hajaingia nyumba ile.

Kwa hiyo, kabla ya mjomba na kabla ya shahidi, mtume mwanamke jirani mnayemwamini akuombee nafasi kwa Rukia, na Mariamu awepo. Waulize wanataka nini, kisha nyamaza usikie. Wakisema twende, nendeni. Wakisema hatuwataki tena watu wale, mwachie Rukia picha ya mumewe iliyo sawa, urudi kazini kwako.