Tai wa Torunn

Ragnhild, usicheke. Leo natamani ardhi inimeze.

Nimewaita watu wote wa makumbusho mezani kwangu. Nikawaambia mfupa wa bawa uliochimbwa kwenye jalala la kale la Waviking ni wa tai. Nikauweka kando ya mfupa wa tai wetu wa kulinganishia. "Mnaona? Kama pacha."

Torunn, bosi wangu, akaugeuza ule "wa jalalani". Una namba ya wino ya kabati letu la mifupa ya kulinganishia.

Nimelinganisha bawa la kushoto na la kulia la ndege mmoja. Ndege mmoja, Ragnhild.

Torunn akasema taratibu, mbele ya wote, "Umepatia, mwanangu. Ni tai. Nilimchemsha mwenyewe jikoni kwangu nipate mifupa yake."

Ule wa jalalani wa kweli nimeukuta baadaye kwenye sanduku la tai. Ni wa kuku.