Kwa Mama Silvana: Mechi Ilichezwa Jumatatu

Mama, ni mwaka mmoja sasa tangu benchi la tatu, upande wa akina mama, likose mtu wa kusinzia. Tumemkalisha hapo Rhoda, mkwe wako, lakini yeye husikiliza mahubiri mpaka mwisho, jambo ambalo wewe hukuwahi kulifanya. Padre akianza tu, ulifumba macho. Watu walipoinuka kwa Nasadiki uliinuka nao, ukaimba kuliko wote. Tukikuuliza padre kasema nini, ulijibu, "Kasema tupendane. Kwani huwa anasema nini kingine?"

Tunakukumbuka na sweta lako la kijani, ambalo upepo wa Juni wa huku Ufipa haukuwahi kulishinda, na tasbihi uliyoifunga kwenye pindo la kanga pamoja na ufunguo wa stoo. Jumapili baada ya misa, wenzako wakiwa bado wanapiga soga nje ya kanisa, wewe ulishachukua kapu lako la ugali na maharage ukaelekea hospitali. Uliingia wodini ukiuliza kwa sauti, "Nani hapa hana mtu?" Hukuuliza dini wala kabila. Mgonjwa aliyekataa kula ulimgombeza kama mwanao, naye akala.

Hukuwa malaika, Mama, na ungetucheka kama tungeandika hivyo. Ulimi wako ulikuwa mkali. Ulinuniana na mwenyekiti wa jumuiya kwa ajili ya rangi ya vitenge vya sare, Kwaresima nzima. Kisha Alhamisi Kuu ukaenda kwake na jogoo kwapani, ukamwambia umekuja kuomba radhi, ingawa rangi yenyewe bado ni mbaya. Mlicheka mpaka jogoo akawaponyoka.

Na kuna ule msemo wako. Uliuokota kwa Kornel, mwanao wa pili, siku aliyokuja kutoka Kirando, kule ziwani, na dagaa zake akashinda anasimulia mpira. Wewe mpira hukuujua, lakini neno hilo ulilipenda: "Kanisani tunafanya mazoezi. Mechi ni Jumatatu." Ulilisema kwa mtoto aliyetukana mwenzake baada ya komunyo. Ulilisema pia kwa watu wazima, na hao hawakulipenda.

Leo tunataka kukusimulia habari ya Isdori, kifungua mimba wako. Ametukubalia tuiandike, baada ya kukataa mara kadhaa.

Wasomaji wa mbali watuwie radhi, tuwaeleze kwanza ntumba ni nini. Sisi huku, mvua zikikaribia kuisha na udongo ukiwa bado mbichi, tunakata nyasi pamoja na udongo wake, tunazilaza kifudifudi, tunaziinua kuwa matuta ya mviringo shamba zima. Nyasi zinaozea ndani na kuwa mbolea. Juu tunapanda maharage, na msimu unaofuata tunayabomoa kwa ulezi au mahindi. Ni kazi ya mgongo. Asiyeijua, akipita njiani, anaona marundo ya magugu tu.

Mwaka juzi ulilazwa kwa ajili ya kifua. Isdori hakukwambia kitu. Aliamka kila siku kabla ya jua akainua matuta ya shamba lako lote, peke yake, akapanda na maharage, ili ukirudi ukute kazi imekwisha. Viganja vilichubuka akavifunga vitambaa. Rhoda anasema hajawahi kumwona mumewe na furaha ya namna ile, kama mtoto anayeficha zawadi.

Siku uliyoruhusiwa alikuleta moja kwa moja shambani, hata nyumbani hamjafika. Na shamba lilikuwa tambarare kama sakafu. Pembeni alisimama Shija, yule jirani Msukuma aliyekuwa amehamia msimu uleule na ng'ombe wake, ameshika plau, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Mayu, pole na ugonjwa," alisema, akikuita mama kwa Kisukuma. "Nimesikia kanisani huna nguvu. Nikaona na takataka za palizi zimejaa shambani. Nimekulimia."

Ulikaa chini kwenye udongo ukalia. Tunaliandika hili kwa sababu watu wanasimulia eti ulisamehe palepale huku ukitabasamu. Ulilia, Mama, na Shija alibaki na fimbo yake ya ng'ombe mkononi asijue aiweke wapi. Isdori alimwendea kwa hasira, na lau usingemwita kwa jina lake la ubatizo, hatujui kingetokea nini.

Kesho yake Isdori alilipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji. Alitaka Shija ahame, yeye na mifugo yake. Wengi waliitikia kwa vichwa, maana minong'ono juu ya wageni wenye ng'ombe ilikuwapo zamani, ilikuwa inangoja sababu tu. Mke wa Shija alisimama nje na mtoto mgongoni akisikiliza ajue watalala wapi. Ndipo ukainuka na sweta lako.

"Mmemaliza?" uliuliza. "Shamba ni la nani?"

"Ni lako, Mama."

"Basi mimi nimesamehe. Huyu alikuwa njiani kunitendea wema, akapotea njia. Mtamfukuza mtu kwa kupotea njia?" Kisha ukamgeukia Shija. "Na wewe, kesho njoo na jembe la mkono. Ng'ombe wako wabaki kwao."

Akaja. Ulikaa kwenye kigoda ukimfundisha ntumba, na matuta yake yalipinda kama yamekunywa pombe ya kimpumu. Isdori hakukanyaga. Jioni ile alikwambia maneno ambayo sote tuliyasikia, maana hakuyasema taratibu: "Jasho lilikuwa langu, Mama. Umesamehe kitu changu bila kuniuliza."

Uliishika tasbihi yako kwenye pindo la kanga. Halafu ukasema, "Ni kweli, baba. Changu nimesamehe. Chako sikigusi, na wala sikusukumi. Ukiwa tayari utakitoa mwenyewe."

Hakuwa tayari. Kanisani, ikifika wakati wa kutakiana amani, Isdori alikumbuka ghafla kufunga kamba za viatu. Jumuiya ikisali kwa Shija, yeye alikuwa na safari. Wewe ulimwona na hukusema neno, ila tasbihi yako ilikuwa haina kituo. Na ukatutoka, Mama, ukiwa bado unangoja. Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote. Siku ya mazishi Shija alileta mkokoteni mzima wa kuni, akazishusha mpakani mwa uwanja wetu, akasimama kule nje na kofia mkononi mpaka ulipozikwa. Isdori aliziona kuni. Tulipikia kuni zile siku zote za msiba, naye akala chakula chake.

Sasa sikia ya mwaka huu. Msimu wa ntumba ulifika, na Isdori akaanguka na pikipiki kwenye matope ya kule bondeni, akavunjika mkono wa kulia. Akafungwa hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko. Kornel yuko ziwani, binti yako Victoria yuko shuleni anafundisha, wajukuu wakubwa wako mjini na kazi zao. Rhoda akasema ataliinua shamba peke yake, nasi tulijua hataweza, na udongo haungoji mtu kupona.

Jumatatu asubuhi Isdori na Rhoda walipofika shambani, ukungu haujainuka, waliona watu wawili wamesimama mpakani. Shija na mkewe, kila mmoja na jembe begani. Miguu yao ilikuwa kwenye njia. Hawakuwa wameingia shambani hata hatua moja.

"Habari za asubuhi, kaka Isdori," Shija alisema.

"Nzuri. Unataka nini?"

"Nimekuja kuuliza. Safari ile sikuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Kama naruhusiwa kulima. Kwa mkono. Ng'ombe nimewaacha nyumbani." Akashusha jembe. "Na tena, kaka, mayu aliniambia matuta yale yalikuwa yako. Yeye nilimwomba msamaha. Wewe sijakuomba, niliogopa. Nisamehe."

Rhoda anasema mumewe aliangalia lile hogo lake, akaangalia shamba, mpaka yeye Rhoda akadhani atageuka kurudi nyumbani. Kisha akauliza kwa ukali, kama mwalimu wa darasa la nne, "Nyasi zinakaa juu au chini?"

"Chini, kifudifudi. Siku ya kwanza niliziweka juu, mayu akanichapa na bua la hindi."

Isdori akacheka. Alicheka, Mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, maana alikuona kabisa pale kwenye kigoda na bua lako mkononi. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kucheka. Akavuka mpaka akampelekea Shija mkono wa kushoto.

"Samahani kwa kushoto," alisema. "Wa kulia haunyooki. Amani iwe nawe."

Shija akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Hapakuwa na padre wala kengele, na siku yenyewe haikuwa hata ya sikukuu. Rhoda alianza kulia, halafu akawaambia waache maneno, jua linapanda.

Maharage yameota, Mama. Matuta ya Shija bado yamepinda, na Isdori humtania kwa hilo kila wanapokutana, na hukutana kila siku. Jumapili iliyopita ulipofika wakati wa amani, viatu vya Isdori vilikuwa vimefungwa vizuri.

Mungu aliyekupa moyo ule akupumzishe pamoja na baba yetu Kasmir aliyekutangulia. Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii asubuhi, kisha tutasali kaburini na kula nyumbani kwa Isdori, Malangali. Majirani wote mnakaribishwa, na kuni zimeshaletwa. Safari hii zimeshushwa jikoni.

Unakumbukwa na wanao: Isdori na mkewe Rhoda, Shija na mkewe, Kornel wa Kirando, na Victoria. Unakumbukwa na wajukuu zako wote, na wana jumuiya wenzako, akiwemo mwenyekiti na vitenge vyake. Anayeshangaa kuona jina la Shija katikati ya watoto wa Silvana amuulize Isdori. Ndiye aliyeliweka hapo, na aliposomewa tangazo hili aliuliza jambo moja tu, kama jina hilo limeandikwa jirani na lake.

Tutakukumbuka daima, Mama, na zaidi siku za Jumatatu.