Shavu la Kushoto la Fundi Saa

Alhamisi, 6 Machi

Bado nipo! Naandika kwa kalamu ya nesi, mkono una bendeji pale walipopitishia mrija wa kuzibua mshipa wa moyo. Mke wangu kaniletea daftari na miwani, kandambili kasahau.

Juzi asubuhi dukani namnyoa fundi saa, jirani yangu. Shavu la kulia nimemaliza, la kushoto lina povu. Kifua kikabana. Sikushtuka — wiki tatu kilikuwa kinabana na kuachia, sikumwambia mtu. Nikajisemea, mdogo wangu naye alibanwa mwaka juzi, akakaa saa nne nzima ndipo akaenda hospitali, na mwezi haukuisha kabla hajarudi kunyoa. Basi ngoja nimalize. Mteja hatoki kwangu na nusu ndevu. Miaka thelathini na minane haijatokea.

Jasho likanitoka chapachapa. Fundi saa akaniambia niweke wembe chini. Nikakataa. Akaninyang'anya! Akanitia garini mwake, taulo langu bado liko shingoni kwake. Nesi wa mapokezi alipoona lile povu akamkimbilia yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari kapita. Binti wa umri wa kitindamimba wangu, ila ana subira. Nikamweleza hesabu zangu za mdogo wangu. Hakucheka. Alivuta kiti.

"Mzee, mwenzio ana arobaini na sita, wewe sabini. Saa zake nne si saa zako nne."

Anasema moyo ukikatiwa damu, ule wa mtu wa makamo bado una akiba ya kujitetea. Wa mzee akiba imepungua, unaumia mapema. Tena hata damu ikirudi, kule kurudi kwenyewe kunaweza kuujeruhi. Nikamuuliza vile vibano vya wiki tatu, mbona nilidhani vinanikomaza? Akasema moyo wa kijana kweli hujifunza kitu kwa misukosuko midogo ya namna hiyo, ukajiandaa. Ukizeeka, somo haliingii vizuri. Kumbe nilikaa darasani bure!

Nikauliza kama nitasimama tena nyuma ya kiti changu. Sehemu ya moyo imelegea, kasema. Huenda imekufa, huenda imezubaa tu. Watapima baada ya wiki tano.

Naogopa. Hapa naweza kuandika, naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Nyumbani. Mto wangu mwenyewe!

Mdogo wangu anashika duka. Wateja wote wamemkubali ila mmoja. Fundi saa kakataa katakata kuguswa na mkono mwingine. Kaja kunijulia hali, upande mmoja vichipukizi, upande wa pili kichaka. Mkewe hataki kuonekana naye. Nilicheka mpaka mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani kimenirudia.

Jumapili, 30 Machi

Natembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kila siku. Mke wangu nyuma yangu kama askari.

Leo mdogo wangu kaja, kakaa, chai haigusi. Kulikoni? Mwishowe akasema, macho chini: "Kaka, zile saa nne nilitia chumvi. Haikufika hata saa moja. Nililia njia nzima."

Miaka miwili anatusimulia saa nne! Hasira zikanipanda, nikataka kumtimua. Kisha nikakumbuka nani anashika duka langu. Nikamwambia anywe chai yake. Hata yeye, na moyo wake wa miaka arobaini na kitu, hakuthubutu kungoja. Mimi ndiye niliyemwamini, babu mzima.

Ijumaa, 11 Aprili

Moyo umeamka! Sehemu kubwa ilizubaa tu, haikufa. Kuna kovu, dogo. Daktari kanionyesha kwenye kioo cha mashine, nikaona kitu kinapiga, nikamwamini.

Anadhani nimesaidiwa na mambo mawili. Kufikishwa mapema, na kile kilima cha kwenda dukani nilichokipanda kwa miguu miaka yote. Mazoezi huenda yakaurudishia moyo wa mzee sehemu ya ile akiba. Kilima nilichokilaani kila asubuhi!

Ruhusa ya kazi nimepewa, mteja mmoja kwa siku. Mke wangu kageukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hadi nyumbani roho ilikuwa nyeupe pe.

Jumatatu, 14 Aprili

Mteja wa leo hakuna asiyemjua. Kaja kabla sijafungua. Nikafunga taulo, nikapaka povu, nikaanza na la kushoto. Mkono mwepesi, sijasahau kitu.

Nusu ya shavu la pili, kifua kikabana. Kidogo tu. Kilibaki kidevu na pembe ya taya, dakika tatu za kazi. Nilizihesabu, sikatai.

Nikaweka wembe kwenye sinia. "Nimebanwa," nikasema. Kwa sauti, mdogo wangu akasikia, mtaa mzima ukasikia.

Kimeachia kabla gari lake halijafika kona ya pili. Nimekuja hospitali hivyo hivyo. Naandika kwenye benchi la mapokezi, sijui watakuta nini, na cha ajabu nimetulia. Fundi saa yuko kando yangu, povu linamkaukia, anatazama saa yake. Dakika kumi na nane tangu nibanwe, anasema.

Nesi ni yule yule. Kamwangalia yeye, kaniangalia mimi. Safari hii hakukosea — ananiita mimi.