Mbwa Aliyelala Mlangoni pa Farheen

Downsview, Toronto
Jumapili, 28 Agosti 2016

Kwa Dada yangu mpenzi Kulsum,

Assalaam alaykum. Kabla hujasoma zaidi, geuza bahasha utazame mgongo wake. Nitaibandika gundi mara mbili, nipitishe utepe juu yake, na juu ya utepe nitie sahihi yangu kwa wino mwekundu. Ukiona sahihi imekatika, ujue aliyekuletea ameisoma. Ikiwa nzima, mpe chai yake aende, kisha funga mlango ukae peke yako.

Natumaini hujambo, magoti yamekupa nafuu, na shemeji anaendelea vizuri na sukari yake. Mwanao Mikail mpe mkono wangu, lakini barua usimpe. Sisi huku tu wazima kiasi chetu. Shemeji yako Ghulamabbas bado yuko kwenye ghala lile la vipuri. Mgongo unalalamika naye hausikilizi. Farheen anakusalimu wewe Masi wake. Gauni lake la harusi limeshakatwa, na kadi nasikia huko kwenu zimekwenda kuchapwa. Inshallah mwezi wa Safar ukishapita tutakuwa njiani kuja Dar.

Utajiuliza kwa nini barua, wakati kila asubuhi tunatumiana maua na dua kwenye WhatsApp. Simu yako, dada, inasomwa na wajukuu, na yangu inasomwa na Ghulamabbas akidhani simwoni. Kikachi chetu cha nyumbani hatujui kukiandika, basi nakuandikia kwa Kiswahili kile cha shule ya Lindi, ulichokuwa ukinisahihisha kwa penseli.

Nataka usikie habari hii kwangu kabla hujaisikia kwa wengine, maana wengine wataipika.

Unajua kuwa tangu mwaka juzi nyumba yetu ya chini, beismenti wanavyoiita huku, tunawapangisha wageni wa siku chache kupitia mtandao. Mgeni anakuja na begi lake, anakaa, anaondoka, kisha yeye anatuandikia sifa zetu na sisi tunamwandikia zake. Masharti yangu niliyaweka wazi: viatu mlangoni, pombe hapana, mnyama hapana. Mwanzoni mwa mwezi huu akaomba siku kumi mtu wa Calgary aitwaye Alnasir, Mismaili, mzaliwa wa Nairobi. Jina likanifurahisha. Nikajisemea, leo nimepata mgeni ambaye sina haja ya kumweleza kopo la maji chooni ni la nini.

Siku moja kabla hajafika akaniandikia, kwa Kiswahili kizuri tu, kuwa anakuja na mbwa wake wa kazi, na kwamba mbwa huyo jina lake Mandazi. Niliisoma mara tatu. Jina kama letu, lugha yetu, na mbwa! Nikawapigia wenye mtandao. Binti aliyepokea akanieleza kwa adabu, ile adabu yao ya kukufungia mlango taratibu, kwamba mbwa msaidizi hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa, na kwamba sina ruhusa ya kumkataa mgeni kwa ajili hiyo wala ya kumdadisi maradhi yake. Nikamwambia nyumba hii inaswaliwa. Akasema anaelewa. Hakuelewa kitu.

Wakaja Jumanne. Mimi nilitarajia lile jibwa kubwa lenye mshikio wa chuma, la kuongoza vipofu. Wapi! Kijimbwa cha rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, mgongoni kitambaa chekundu. Na mwenyewe Alnasir nikamkagua kutoka utosini hadi soksini. Kipofu si kipofu, kiziwi si kiziwi, anatembea sawasawa, viatu vyake amevipanga vizuri kuliko Ghulamabbas. Maradhi yako wapi? Akanionyesha barua ya daktari bila hata kuombwa, na mtu anayetoa karatasi kabla hajaombwa mimi humtilia shaka. Nikaisogeza dirishani niitazame kwa mwanga. Nikainakili namba ya simu, nikapiga nikiwa chooni. Ikajibu mashine.

Nikamwendea Dilawar, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye naye anapangisha na anajua kila jambo, hata asiloulizwa. Dilawar akasema mbwa hawa ni wa namna mbili: yuko aliyefunzwa kazi kweli, na yuko wa kumliwaza tu mtu mwenye huzuni, na kwamba barua zao siku hizi watu wananunua kwenye intaneti kama kadi za Idd. Akanipa na kipimo. Mbwa aliyefunzwa kweli, akiwa kazini, hageuzi shingo hata umtegee nyama. Basi siku ya tatu nikachoma mishkaki, nikaiweka sahani kwenye ngazi, nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni na miwani yangu. Nilichokiona kilinitosha.

Tena mbwa huyo hakai kwake. Ngazi ya ndani inapanda hadi kwetu, na kila akipata upenyo anapanda, anapita jikoni bila kunitazama, anakwenda kulala mlangoni pa Farheen. Alnasir anamwita, anaomba radhi, anasema hajapata kufanya hivyo kwa mtu mwingine, halafu ananitazama kama mtu mwenye swali mdomoni. Sikulipenda lile tazamo. Zulia la pale mlangoni nimelifua mpaka limepoteza maua yake. Bakuli alilolamba nimelisugua kwa udongo kama alivyotufundisha mama, udongo wa chungu cha waridi, Dilawar akinichungulia juu ya uzio akidhani nimerukwa na akili. Na Farheen, yule anayekimbia mjusi, nikamkuta amekaa chini anazungumza na mbwa. Nilipomgombeza akanijibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida, kwamba Mandazi ana adabu kuliko wageni wetu wa msikitini.

Lililonikata maini ni Alhamisi jioni. Alnasir akaniuliza watu wetu ni wa wapi. Nikasema Lindi, na dada yangu yuko Dar. Akafurahi, akasema shangazi yake ameolewa Dar, anaishi Upanga, mtaa wa pili kutoka kwako.

Basi sikiliza. Jumamosi Farheen alikuwa anaoga. Mbwa akapanda mbio, akabweka, akaukwaruza mlango wa bafu. Mtoto akashtuka, akateleza kwa sabuni, akajigonga paji la uso. Nikaupiga picha uvimbe, nikawapelekea wenye mtandao, nikawaandikia kuwa mbwa ni wa bandia na amemjeruhi binti yangu. Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, wakamwamuru aondoke na wakamfungia asipange popote kupitia kwao. Hiyo ndiyo habari. Shangazi wa Upanga akikujia na maneno yoyote kuhusu Farheen, ujue yametoka kwa mtu aliyefukuzwa mwenye kinyongo. Usimwamini.

Jumatatu, 29 Agosti

Dada, barua ilikuwa iishie hapo. Jana nilikwenda kutafuta gundi, niliporudi nikamkuta Farheen ameishika. Anasoma Kiswahili polepole, kidole chini ya neno, midomo inatikisika. Nikasimama nikamngoja, maana kumnyang'anya ingekuwa kukiri. Alipofika mwisho akaniinulia uso. Mtoto huyu tangu ana miaka saba ninamwambia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Jana akaniuliza kwa Kiswahili kama kweli aliteleza.

Jibu lake nakuandikia wewe.

Farheen hakuteleza. Farheen ana kifafa, tangu ana miaka kumi na minne. Vile vidonge ulivyomwona akimeza ulipotutembelea, nikakuambia vya kuongeza damu, ni vya kifafa. Haendeshi gari, nami nikakuambia anaogopa barafu. Haendeshi kwa sababu sheria ya huku humkataza mwenye kuanguka mpaka akae muda mrefu salama, na hata alipokaa salama mimi sikumruhusu. Miaka sita vidonge vilimshika vizuri, ndiyo maana nilipata moyo wa kupokea posa ya Mikail. Mwaka huu, kwa kukosa usingizi na hekaheka za harusi, vimeanza kumwachia. Yeye alitaka kusema tangu siku ya posa. Mimi nilimkataza. Nilimwapisha, dada, kwa Mus'haf.

Na mbwa hakuwa wa bandia. Ile siku ya mishkaki alipita pembeni ya sahani kama imejaa mawe, akaenda moja kwa moja kulala mlangoni pa mwanangu. Nilisimama pale na miwani yangu nikaelewa kila kitu. Alnasir naye huanguka, tangu ana miaka kumi na miwili, na mbwa humwashiria mapema ili akae chini asije akajipasua. Alikuja Toronto kupimwa kichwa hospitali. Mbwa wake alikuwa ameijua siri yangu kwa siku mbili, siri niliyoificha miaka kumi, na bwana wake ana shangazi Upanga. Shaka zote zile nilizokusimulia zilikuwa za kweli hadi pale kwenye ngazi. Baada ya pale sikuwa na shaka hata chembe, nilikuwa na hofu.

Jumamosi mbwa alibweka kwanza, ndipo kishindo kikafuata. Niliufungua mlango kwa sarafu. Farheen alikuwa chini anatikisika, maji yanamwagika usoni. Alnasir aligeukia ukuta kwa heshima, asimwone, na kutoka ukumbini akanielekeza nimfunike, nimlaze ubavu, nisimtie kitu mdomoni, huku yeye akihesabu dakika kwenye saa yake. Farheen alipozinduka, Alnasir akaniuliza kwa upole binti ameanza lini kuanguka. Nikamwambia aliteleza. Neno lilitoka lenyewe, limeiva kabisa.

Unajua nililitoa wapi, Dada Kulsum? Mimi nilikuwa na miaka tisa na wewe kumi na saba, siku tuliyomkuta kaka Shaukat bafuni Lindi, uso wake ndani ya beseni. Mama alikuwa hajiwezi. Wewe ulinitoa uani, ukanifuta machozi kwa pindo la gauni lako, ukaniambia yeyote atakayeuliza nimwambie Shaukat aliteleza. Nilikuwa nimeshamwona mara mbili akitoka povu. Sikulaumu. Tulikuwa wasichana wanne wa kuozwa, na nani angebisha hodi kwenye nyumba yenye kifafa? Nimelisema neno lile miaka arobaini na mitatu, mpaka nikawa nakaribia kuliamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema. Mimi nilikaribia kuumbuliwa na beseni lile lile mara ya pili, na aliyeniokoa nikamfukuza.

Siku ile Alnasir anaondoka nilimtazama nyuma ya pazia, amekaa kituo cha basi na begi lake, Mandazi miguuni. Farheen alitoka na bandeji usoni, akampelekea maji, akakaa naye mpaka basi lilipofika. Mimi nilishika pazia tu.

Leo asubuhi nimewaandikia wenye mtandao kwamba nilisema uongo, kwamba mbwa hakumgusa mtoto, na kwamba uvimbe ule haukuwa kazi yake. Watanifungia mimi sasa, na haki yao. Kisha nikampigia Alnasir. Amefikia kwa watu wa jamaatkhana, nyumba yao ya ibada, na vipimo amemaliza. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema yeye ameshazoea kufukuzwa, lakini msichana yule asizoee kufichwa. Kuhusu shangazi yake, akasema hajamwambia neno wala hatamwambia, kwani habari ya Farheen ni ya Farheen. Nililia mpaka simu ikalowa.

Kwa hiyo dada, nimekudanganya, na niliandika kurasa mbili za jana ili nikudanganye tena. Nisamehe ukiweza. Mchukua barua anasafiri Jumatano, atakufikia Alhamisi. Mikail hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala, na Ijumaa hii Farheen atamwambia mwenyewe. Kiapo nilichomwapisha nimekifungua, na kafara yake ni juu yangu. Nilimwomba tu anipe nafasi wewe usikie kwangu kwanza. Mkisema ndoa haipo, kadi zichomwe, sitakuja na kilio wala sitamtuma mtu wa kunisemea. Damu ya Shaukat ni yangu na yako pia, Mikail naye anayo, lakini hilo ulipime wewe, mimi si wa kutoa hoja tena.

Yale ya utepe na wino mwekundu yasahau. Nimemwambia Farheen aifunge bahasha yeye. Ameniomba nimwachie nafasi chini ya jina langu aandike lake. Nimemwachia, na naondoka mezani. Sitasoma.

Msalimie shemeji, wape wajukuu busu zangu, na ukienda makaburini Lindi mwaka huu msomee kaka Faatiha, umwambie ni ya Sughra.

Mdogo wako,
Sughra

Masi, mimi sikuteleza. Mjomba Shaukat pia hakuteleza. Ijumaa nitakaa karibu na simu.
Farheen