Ile Jiwe ya Kuachia Chakula

Kwako Mama Furaha, muke wangu uliyenitangulia,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza na salamu, salamu zimekataa kutoka. Weye njo ulinifundisha herufi, pale kwenye muchanga ya ufuko ya Baraka, na kijiti, ili nijue kuandika majina kwenye boti zangu. Basi leo nazitumia kukugombeza. Zikienda upande, vumilia. Mukono imezeeka siku hizi, na siko muntu wa kuanza masomo tena.

Unajua miye ni nani. Toka Baraka mupaka Kazimia, uliza muntu yeyote nani anajua kuziba boti. Boti zangu zilivuka ziwa na ng'ombe ndani, na bagonjwa, na sisi bote wakati wa kukimbia vita, na hakuna muntu alilowa matako. Bafundi bengine banachomeka pamba kati ya mbao kama banajaza muto ya kulalia. Miye nilisokotaka pamba, naichovya ndani ya mawese, naipiga na patasi polepole mupaka ubao yenyewe inalia. Hapo maji iingie wapi?

Na masharti yetu unayajua. Boti ikiwa bado haijaingia majini, mwanamuke hafiki pale. Akiruka ubao, boti itakunywa maji. Nilivyopokea kwa baba yangu, njo nilivyoshika. Kwa hiyo tuliweka ile jiwe, mbali kidogo. Unafika na bukari na visamaki vya ndagala, unaweka juu ya jiwe, unaita, "Bafundi, chakula!" halafu unarudi nyumbani.

Binti yetu Furaha, uliyekuwa unakuja naye, hakurudiaka. Alikaa juu ya ile jiwe, miguu inaning'inia, anangoja sahani, macho kwangu tu. Miye nilifikiri ni njaa. Siku moja nakuta mulango ya jikoni, ile ilikuwa inapitisha upepo, imezibwa na pamba na mawese, mustari moja safi. Nikauliza ni nani. Ukasema, "Ni binti yako. Angalia vizuri, Baba Furaha. Uyu mutoto iko na mukono yako."

Nikasema, "Mulango haiendi majini."

"Na weye kichwa yako haiendi popote," ukanijibu, ukaendelea kusonga bukari.

Ile neno yako ya mukono uliirudia miaka yote. Batoto wetu banaume bakakimbilia pikipiki za Uvira, ukasema, "Sasa fundisha Furaha." Akaolewa Kazimia, ukasema, "Wakati ingali." Ukalala mugonjwa, sauti imebaki kama ya mbu, na hata pale hukusema kwaheri. Ulisema, "Ile mukono ya Furaha." Nikakujibu, "Pumzika, mama." Ukapumzika kabisa! Ni tabia yako. Unasema neno ya mwisho, unaondoka, na miye nabaki na majibu yote mudomoni.

Sasa sikia kile kilinipata.

Pale ufukoni bavuvi bakaanza kuniimbia Kazimia. "Muzee, kule kuna fundi! Boti zake hazinywi hata kikombe." Nikasema, "Basi huyo nilimufundisha miye, ao ni mwizi." Bakaangaliana, bakacheka. "Enda uone, Muzee." Ah, batoto ya siku hizi! Muntu anajua kitu, anakuficha, ili apate kukucheka.

Nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumuaibisha huyo fundi mbele ya bantu. Nashuka Kazimia, bado sijaona muntu, nasikia nyundo. Inapiga mbili, inapumzika, inapiga moja. Mama Furaha, mwili yote ilisimama. Ile nyundo ni yangu. Hakuna mwingine anapiga vile.

Alikuwa Furaha. Mutoto analala mugongoni, hata nyundo haimuamushi. Na mukwe wetu, mwanaume muzima na ndevu, anamushikia sufuria ya mawese! Akageuka. "Baba! Karibu. Utakula nini?"

Nikasema, "Napita tu."

Napita naenda wapi? Mbele yangu ni ziwa!

Nikageuka palepale, nikapanda boti inayorudi Baraka. Mwenye boti, sijamuuliza kitu, ananiambia, "Hii pia ni ya binti yako, Muzee." Nikakaa chini kabisa, mukono ndani ya tumbo ya boti, natafuta maji. Nilitafuta mupaka Baraka. Nilitaka hata kidogo tu, ya kukuonyesha. Vidole vilitoka na magamba ya ndagala, kavu.

Umefurahi? Ngoja. Macho yangu haijazeeka.

Pale kwenye pua ya boti, mahali mbao za pande mbili zinakutana, amekosea. Amepiga pamba kutoka inje tu. Pua inapigwa inje na ndani, na ile ya ndani inatangulia, kavu, bila mawese. Niliwaza njia yote, kwa nini ajue vyote akose hiyo moja? Nimefika nyumbani njo nikaelewa. Kila nilipoziba pua nilikuwa nainama ndani, nimegeukia ziwa. Kutoka pale kwenye jiwe aliona mugongo yangu tu.

Itashika mwaka huu. Lakini siku moja, na mawimbi ya kutoka kusini, itafunguka, na ndani kutakuwa bamama na mizigo yao. Na bantu batasema ni sababu mwanamuke aliiziba. Uongo! Itakuwa ni sababu ya mugongo yangu.

Na bafundi benzangu, siku mukisomewa hii barua ufukoni, muangalie nani amekaa kwenye jiwe yenu.

Nimefunga patasi ya baba yangu ndani ya kitambaa. Kesho narudi Kazimia. Mukono haiwezi tena, lakini mudomo ingali, na nguvu ya mudomo yangu unaijua. Sitaomba musamaha, usikae kule ukingojea. Nitamuambia, "Pua umekosea, mama. Ingia ndani, nikuonyeshe." Akinifukuza, sawa, ni damu yako. Nitakaa palepale mupaka achoke, kwa kukaa hakuna anayenishinda.

Na wakati wa chakula, kama kule bako na jiwe yao, miye mwenyewe nitabeba sahani. Nitaiweka juu, nitasimama mbali kama ulivyosimamaka, nitaita kwa nguvu Kazimia yote isikie: "Fundi, chakula!"

Lakini usicheke. Bado sijasema umeshinda.

Lala vizuri. Ni miye bwana yako, mwenye angali anabisha,

Baba Furaha